Eti Audrey Hepburn alikwenda Somalia kupiga picha!

Wanajukwaa, nimekasirika mno. Yule mchambuzi wa filamu mnayemfahamu nyote, anayejigamba kwamba hakuna sinema ambayo hajaitazama, amesema hewani usiku huu kwamba marehemu Audrey Hepburn, yule mwigizaji wa Hollywood, alikwenda Somalia kupiga picha na watoto wenye njaa kwa kuwa Hollywood ilikuwa imemchoka, kisha akacheka kicheko ambacho bila shaka kimesikika hadi Mogadishu.

Kupiga picha! Mwanamke aliyekuwa binti wa miaka 15 huko Velp, karibu na Arnhem, Uholanzi, katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu, na mwili wake ukadhoofika kwa utapiamlo, alihitaji kufundishwa njaa na nani? Oscar alikuwa nayo tangu 1954 kwa filamu ya Roman Holiday, na nyumba yake ya Tolochenaz, Uswisi, ilikuwa na bustani ya kumtosha uzeeni. Akaiacha, akaanza na Ethiopia mwaka 1988 kwa niaba ya UNICEF, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, akaenda Sudan, Bangladesh na Vietnam, na Septemba 1992 akafika Somalia. Tarehe 20 Januari 1993 alifariki kwa saratani. Ilikuwa miezi minne tu! Na bwana huyu anacheka. Picha hizo ndizo zilizokuwa kazi yenyewe, maana kamera zilizomfuata yeye ziliwafikia watoto ambao dunia ilikuwa imewapa kisogo.

Aliyoyasema kuhusu mavazi yake ya mbunifu Givenchy nimeyasamehe. Kicheko kile sikisamehe.

Mpenda Sinema: Umemtetea vizuri, ndugu yangu, ila umefoka kama mrithi aliyenyimwa shamba.

Binti Salma: Huyo wako angalau anamjua. Mwingine alimchanganya na Katharine Hepburn, ambaye hawana hata undugu, akampa Oscar zote 4 za mwenzake!

Mzee wa Projekta: Mkitaja Oscar, dhuluma kubwa ni filamu ya My Fair Lady ya 1964. Nyimbo za Audrey humo karibu zote ziliimbwa na Marni Nixon, kisha Audrey hata kuteuliwa hakuteuliwa.

Binti Salma: Dhuluma ipi, mzee wangu? Nafasi ile ilikuwa ya Julie Andrews, aliyeicheza jukwaani kwa miaka akanyimwa filamu, na Oscar ya mwaka ule akaichukua yeye kwa Mary Poppins. Ilikuwa haki yake.

Mzee wa Projekta: Haki! Fungua uzi wako, binti yangu, nitakujibu huko.