Naomba maoni: Februari 2025, Lakers (timu ya kikapu ya Los Angeles, NBA) ingefaa wamchukue Mark Williams kwa bei ile?

Habari zenu wapenzi wa kikapu. Anthony Davis alipoenda Dallas Februari 2025 kumpisha Luka Dončić, Lakers tulibaki bila senta (mchezaji mrefu wa karibu na kikapu) wa kutegemewa. Mpango uliokuwepo wakati huo ni kumleta senta Mark Williams kutoka timu ya Charlotte. Sisi tungetoa wachezaji Dalton Knecht na Cam Reddish, chaguo la raundi ya kwanza la 2031 (zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi anayeingia NBA) na haki ya kubadilishana chaguo la 2030.

Urefu wake na pasi za juu za Luka, hapo niliona raha tupu. Ila msimu wa 2023-24 mgongo ulimfanya acheze mechi 19 tu. Na Knecht, kijana aliyewafunga Utah pointi 37, iliniuma kumwachia.

Nimerudia kutazama mechi zao, bado nimekwama. Kwa mgongo ule, mngetoa chaguo la 2031? Au tungembakisha Knecht, tukatafuta senta wa gharama ndogo?