Naomba ushauri: banda la simbilisi kwenye baridi ya Mafinga

Wakuu habari zenu, shikamooni wakubwa. Niko Mafinga, nina simbilisi (guinea pig) sita, dume mmoja na majike. Wanalala jikoni na mama watoto ameshaanza kuguna, kwa hiyo nataka banda la nje kabla ya Juni. Baridi ya huku mnaijua.

Fundi anang'ang'ania sakafu ya wavu ili mavi na mkojo vidondoke chini. Mimi nasita. Wavu unawachubua nyayo, na kamguu kakinasa kwenye tundu ndiyo kamevunjika. Mbao tupu nazo zitaoza kwa mkojo. Nusu kwa nusu inafaa? Ghorofa sitaki, hawa si wapandaji, bora nafasi pana chini.

Matandiko je? Maranda ya paini hapa unaokota bure (mji mzima ni mbao), ila yakiwa mabichi harufu yake inawasumbua kifua. Mnaofuga Njombe na Makete mnatandika nyasi kavu tu?

Halafu kuna kicheche anazunguka mtaani usiku. Pembeni niweke wavu wa kuku au ule mgumu wa matundu madogo?