"Baba mkubwa" kwa Kihispania nasemaje?

Mama Likoni
Hodi jamani. Binti yangu kaolewa Sevilla, na mama mkwe wake hunipigia video kila Jumapili. Anataka kujua nasaba yetu yote! Juzi nikamwambia aliyenilea ni "padre grande", yaani baba mkubwa. Kanyamaza, halafu kaniuliza kama ni padri mnene. Binti alicheka hata akashindwa kutafsiri. Nisaidieni: baba mkubwa, mjomba, shangazi, baba yake babu. Na huyu mama mwenyewe namwitaje? "Señora" naona kama namwuzia khanga.

Mtanga wa Granada
Shikamoo mama. Huyo ni *consuegra* wako. Wana neno kabisa la wazazi ambao watoto wao wameoana. Mwite hivyo uone atakavyofurahi.
Baba mkubwa, baba mdogo, mjomba, wote kwao ni *tío*. Shangazi na mama mdogo ni *tía*, basi. Mimi ilinichukua mwaka kuzoea umaskini huu. Wako mweleze hivi: *el hermano mayor de mi padre*, kaka mkubwa wa baba yangu. Na akisema *tus padres* anauliza baba na mama, si mababa zako. *Parientes* ndio jamaa. Hapo niliwahi kuaibika mezani.

Kilembwe
Baba wa babu ni *bisabuelo*, na aliyemzaa huyo ni *tatarabuelo*. Kushuka: mjukuu *nieto*, kitukuu *bisnieto*, kilembwe *tataranieto*. Upande wa mama unasema *por parte de madre*. Kwa mfano: *Mi bisabuelo por parte de madre nació en Lamu.*

Mama Likoni
Marahaba mwanangu. Nimeyabandika kwenye mlango wa friji. Sasa mjukuu akizaliwa, jina la ukoo ni lao tu?

Mtanga wa Granada
Hapana mama. Mtoto ana *apellidos* mawili, moja la baba na moja la mama. Tangu 2017 la baba halitangulii lenyewe, wazazi hukubaliana lipi lianze. Na binti yako habadilishi jina lake kwa sababu ya ndoa.

Mama Likoni
Kumbe! Basi jina la marehemu mzee litaandikwa Sevilla. Jumapili, kabla hata ya salamu, naanza na "consuegra".