Mdogo wangu yuko jela Texas, anataka kupeleka ombi la habeas corpus mara ya pili. Naombeni ushauri

Binti Nyarugusu
Wakuu, habari za leo. Naandika presha ikiwa juu, mnisamehe nikichanganya mambo.

Mdogo wangu wa kiume anatumikia miaka 35 huku Texas kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Tulifika 2013 tukitokea kambi ya Nyarugusu, akakamatwa 2016 akiwa na miaka 19. Ushahidi mkubwa ulikuwa wa mtu mmoja aliyesema ameitambua sura yake. Rufaa ya jimbo ikagonga mwamba. Baadaye akaandika mwenyewe, kwa penseli, ombi la habeas corpus (la kutaka jaji achunguze kama kifungo chake ni halali) kwenda mahakama ya shirikisho. Likatupwa 2019.

Mwezi uliopita tumepata nakala za faili la polisi. Ndani kuna karatasi moja ya mwandiko wa mkono: shahidi yule yule, siku ya kwanza kabisa, alionyeshwa picha sita akaweka kidole kwenye namba 2. Mdogo wangu alikuwa namba 5. Karatasi hiyo wakili wetu hakuwahi kupewa.

Jana amepiga simu, anasema anapeleka ombi jipya wiki hii hii kwa jaji yule yule, na mwenzake wa selo amemwambia likigoma hili atapeleka la tatu. Roho yangu haitulii. Nimwache?

Mkalimani
Dada, pole sana. Simu ikipita leo mwambie aweke penseli chini. Mimi si wakili, ni mkalimani kwenye ofisi ya mawakili huku, mwaka wa 11 sasa, na hili nimelitafsiria familia nyingi mpaka nimelikariri.

Tangu 1996, Rais Clinton alipotia saini ile sheria iliyopita baada ya bomu la Oklahoma City, ombi la pili la habeas haliendi moja kwa moja kwa jaji wa wilaya, yule wa shirikisho wa ngazi ya kwanza. Kwanza unaomba ruhusa mahakama ya rufaa, kwenu ni ya Mzunguko wa 5 kule New Orleans, mbele ya majaji watatu. Hoja iliyokuwemo kwenye ombi la kwanza inatupwa palepale. Hoja mpya ina milango miwili tu. Mmoja ni Mahakama ya Juu iwe imetoa kanuni mpya ya kikatiba na kuifanya iguse hadi kesi za zamani. Wa pili ni jambo ambalo hata mtu mwenye bidii asingeweza kulipata mapema, tena lenye uzito wa kuonyesha wazi kwamba, lisingekuwepo kosa la kikatiba, hakuna mjumbe wa juri mwenye akili timamu ambaye angemtia hatiani. Karatasi yenu inagonga mlango huu wa pili. Wakikataa ruhusa, uamuzi huo haukatiwi rufaa, wala huwezi kuwaomba waangalie upya.

Lakini niambie: ombi la kwanza lilitupwa kwa sababu gani? Kama ni kwa kuwa hakumaliza kwanza mahakama za jimbo, halihesabiwi, Mahakama ya Juu ilishasema hivyo mwaka 2000. Tafuta ile amri uisome yote.

Mpwani wa Likoni
Dada pole. Kwetu Kenya, Ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 inamruhusu mfungwa aliyemaliza rufaa kuomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya, ushahidi mpya na mzito ukipatikana. Nimesoma hayo ya majaji watatu, nimeumia. Mtu akae miaka 35 na karatasi ipo?

Mama wa Watatu
Mpwani, wenyewe wanasema kesi lazima zifike mwisho na waathirika wapumzike. Hilo nalielewa, nami niliwahi kuvamiwa. Ila mume wangu amefungwa na shirikisho, na mwaka 2023, kwenye kesi ya Jones dhidi ya Hendrix, Mahakama ya Juu ilisema hata sheria ikija kufafanuliwa kwamba ulichofanya hakikuwa kosa, kama ulishatumia ombi lako la kwanza hilo halikufungulii la pili. Mume wangu yuko hapo hapo. Dada, msikilize Mkalimani, usimsikilize mwenzake wa selo.

Binti Nyarugusu
Nimeitoa amri kabatini. Inasema alichelewa siku 74 baada ya kuisha mwaka mmoja anaopewa mtu kupeleka ombi la shirikisho. Ushahidi wenyewe hawakuugusa kabisa. Kwa hiyo halihesabiwi, si ndiyo?

Mkalimani
Linahesabiwa, dada. Inaniuma kuandika hivi. Mzunguko wa 5 unalichukulia lililotupwa kwa kuchelewa kama limeshaamuliwa.

Sasa sikia. Hoja ya karatasi hii mahakama ya jimbo haijawahi kuisikia, basi inaanzia huko, kwa kifungu cha 11.07, ndiyo habeas ya jimbo la Texas. Kama alishawahi kupita huko, Texas nayo inabana maombi ya kurudia, ila jambo ambalo halikuweza kupatikana wakati ule linaingia. Ombi la jimbo likifunguliwa sawasawa, saa ya shirikisho inasimama. Saa hiyo ni mwaka mmoja, na inaanza siku ambayo karatasi ingeweza kupatikana kwa bidii ya kawaida, hata kama ninyi mliipata baadaye. Ndiyo maana watawauliza: miaka yote hiyo mlikuwa wapi?

Ombeni msaada kwenye kliniki za vyuo vya sheria zinazoshughulikia waliofungwa bila hatia. Mahakama hailazimiki kumpa wakili kwa hatua hii.

Binti Nyarugusu
Bahasha iliyoleta nakala za faili ninayo, muhuri wa posta ni tarehe 4 Machi. Na barua yetu ya kwanza ya kuomba faili ni ya 2021, wakatujibu kwa maandishi kwamba hakuna kumbukumbu nyingine.

Mkalimani
Walijibu kwa maandishi 2021? Dada, hilo ndilo jibu la "mlikuwa wapi". Usiikunje barua hiyo, usiandike chochote juu yake. Piga nakala tatu leo, moja impelekee mdogo wako, halisi ibaki kwako pamoja na bahasha.

Binti Nyarugusu
Natoka sasa hivi kwenda kutoa nakala. Akipiga jioni namsomea uzi wote, neno kwa neno.