MREJESHO: Faini ya bustani ya ufukweni, Mwanza

Habari wakuu. Ni yule niliyeandikiwa faini mbili bustanini: 50,000 kwa kukanyaga nyasi, 20,000 kwa kuchoma sato kwa jiko la mkaa. Asanteni sana kwa ushauri wenu, hasa aliyenisihi nisisaini fomu ya kukiri kosa. Hilo ndilo lililoniokoa, maana ukishakiri kwa maandishi inakuwa vigumu kubisha tena.

Nilipeleka barua na picha ya kibao cha kukataza kukanyaga nyasi: matawi ya mwarobaini yamekifunika, yanaonekana maneno “MARUFUKU KU” tu. Ya nyasi wameifuta. Ya jiko nimelipa yote, kibao chake kilikuwa wazi getini. Kumpigia diwani hakukusaidia. Jiko langu bado wanalo, na linaniuma. Jumatatu narudi na risiti kulidai.