Gereji mnaofunga kopo la oili kwenye injini za turbo: mnatuulia magari, kisha mnatuuzia turbo

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nimevumilia nimeshindwa. Kuna biashara imeshamiri mjini ya kufunga kopo la kukamata oili inayotoka na gesi ya kupumulia injini, hilo mnaloliita kechikeni, kwenye gari za turbo, na wengi wanaoifanya hawajui mpira upi unavuta na upi unasukuma. Wanaua injini za watu. Gari ikianza kutoa moshi wanakuambia turbo imekufa, na wao hao hao ndio wenye turbo ya kukuuzia.

Gari yangu ni Subaru Forester SG5, injini EJ20 ya turbo. Niliipeleka gereji moja hapa Dar, jina siweki, kwa sevisi tu. Wakaniambia gari ya turbo bila kopo hilo oili itajaa kwenye intakula (njia ya hewa ya kuingia kwenye injini) na valvu zitashika masizi. Nikauliza mipira inapitaje. Jibu: "Bosi usijali, hizi tunafunga kila siku." Nikalipia kopo, nikalipia na ufundi.

Tangu siku hiyo sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, haikutulia, na gari ikisimama kwenye foleni nasikia mluzi mwembamba kutoka nyuma ya injini. Nikarudi. Wakasema kompyuta bado inajifunza, itatulia yenyewe. Nikapanda nayo Iringa. Tulipoanza kupanda Kitonga, turbo ikiwa inafanya kazi kwelikweli nyuma ya malori, harufu ya oili ikaingia ndani, kwenye kioo naona moshi wa bluu, na nilipofungua boneti kule juu nikakuta stiki ya oili imejichomoa na oili imetapakaa. Oili na ekzosi ya moto! Nilikuwa na mke wangu na watoto ndani ya hiyo gari.

Nikawapigia simu. Hawakuuliza swali hata moja. "Hiyo turbo imekwisha, ilete tukubadilishie."

Iringa mjini nilimpata fundi mmoja mtu mzima, mzee wa watu. Alitoa paipu ya hewa, akashika shafti ya turbo kwa vidole, akaicheza huku na huku, akasema turbo ni nzima. Kisha akaanza kufuata mipira mmoja mmoja, na mwisho akanyamaza kabisa. Aliniita nione. Valvu ya PCV, ile inayoruhusu au kufunga gesi ya tumbo la injini isirudi ovyo, imetolewa. Mpira kutoka kwenye bloku umeingia kwenye kopo, na kutoka kwenye kopo umekwenda moja kwa moja kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), katikati hakuna kitu. Matundu yote ya kupumulia yanayoelekea kwenye paipu ya kuingilia turbo yamezibwa kwa bolti na klempu. Bolti za nati za kawaida, wakuu. Akasema, "Mwanangu, aliyekufungia hivi angekuchomea gari na watoto ndani."

Sasa nieleze kwa nini nina hasira kiasi hiki, maana najua wapo watakaosema ni mpira tu.

Hakuna ringi inayoziba pistoni kikamilifu. Kila mlipuko unapotokea, gesi kidogo inapenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampu, tumbo la injini linalohifadhi oili, na huko inachanganyika na ukungu wa oili, mvuke wa maji na petroli ambayo haikuungua. Gesi hiyo lazima itoke. Zamani ilitolewa kwa bomba lililoning'inia chini ya injini na kudondosha oili barabarani, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani walipoanza kulazimisha irudishwe kwenye injini ikachomwe. Ndipo PCV ilipoingia kwenye magari ya kawaida.

Injini isiyo na turbo kazi yake ni nyepesi, manifoldi inavuta muda wote. Ya turbo ina hali mbili. Ukiendesha taratibu, manifoldi inavuta, PCV inafunguka, gesi inapita huko. Ukikanyaga mafuta na turbo ikapuliza, manifoldi inageuka, badala ya kuvuta inasukuma. Hapo PCV inajifunga ili upepo wa turbo usirudi kwenye tumbo la injini, na gesi inatokea njia ya pili, ile ya kwenye kava za valvu kwenda kwenye paipu iliyo mbele ya turbo, ambako daima kuna mvuto. Njia mbili, na valvu moja inayoamua. Ni jambo la kumweleza mwanafunzi wa ufundi siku ya kwanza.

Hawa jamaa waliitoa valvu na kuziba njia ya pili. Kwa hiyo nikiwa nimesimama, manifoldi inavuta tumbo la injini bila kipimo mpaka hewa inaingia kwa kulazimisha kupitia kwenye sili, vile vizuizi vya kuzuia oili isivuje. Ule mluzi ndio huo. Na hewa hiyo haikupita kwenye sensa ya kupima hewa, ndiyo maana sailensa inayumba. Nikikanyaga mafuta, upepo wote wa turbo unarudi kupitia kopo na kujaa kwenye sampu, hauna pa kutokea. Unachomoa stiki na kusukuma sili ya nyuma ya krenki. Na turbo nayo, oili yake inarudi kwenye sampu kwa kushuka tu, hakuna pampu inayoivuta. Sampu ikiwa na presha, oili inashindwa kushuka, inajaa kwenye turbo na kutokea kwenye sili zake. Unaona moshi wa bluu. Hiyo ndiyo "turbo imekufa" yao. Ukinunua nyingine itatoa moshi uleule, na hapo watakuambia sasa injini.

Kuna wangapi wamenunua turbo kwa sababu ya bolti mbili? Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Na kopo lenyewe ni wizi mwingine. Mzee alilifungua mbele yangu: ndani tupu kabisa. Bati lililopakwa rangi nzuri lenye matundu mawili yanayotazamana. Oili inayosafiri na hiyo gesi ni ukungu, matone madogo mno. Ili yakamatwe, gesi lazima ipunguzwe kasi, igongane na vibao, ipite kwenye wavu wa chuma cha pua, matone yaungane na kudondoka chini. Kopo tupu linaipokea huku na kuitoa kule. Msikubali pia fundi alijaze steli wuli ya kusugulia sufuria. Ile inakatika vipande, na vipande hivyo vinavutwa kwenye injini.

Kingine ni mahali pa kuliweka. Langu waliliweka jirani na turbo kwa sababu palikuwa na nafasi. Kopo likipata joto, mvuke hauwezi kugeuka tone, unapita ulivyo. Linatakiwa likae mbali na ekzosi, mahali panapopata upepo. Mipira nayo walitumia ile inayoonyesha ndani, ya kupimia levo ya mafundi ujenzi. Unapata joto la injini unalegea, manifoldi ikivuta unajikunja na kuziba. Mpira wa rejeta nao haufai, oili inauvimbisha. Uwe mpira wa oili au wa petroli, wenye ukuta mgumu, na tundu lake lisipungue ukubwa wa ule uliotoka na gari.

Kuna aina nyingine ya ufungaji ninayoiona sana kwenye magari ya vijana: kopo lina kifilta kidogo juu, wazi kwa hewa, na mpira mmoja bado umeunganishwa kwenye manifoldi au paipu ya turbo. Hapo gari inavuta hewa isiyopimwa na vumbi lisilochujwa ipasavyo. Mchanganyiko unakuwa hafifu wa petroli, taa ya cheki injini inawaka, mtu anauziwa sensa. Wanasema ndivyo magari ya mashindano yalivyo. Basi wasome na kanuni za mashindano. FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwenye Kiambatisho J cha kanuni zao wanataka gari yenye upumuaji wa wazi iwe na chombo cha kukamata oili cha lita 2 kwa injini ya hadi cc 2000, na lita 3 kwa kubwa zaidi, na uweze kuona oili iliyo ndani. Lengo ni oili isimwagike njiani. Kikopo cha nusu lita chenye kifilta cha urembo hakikaribii hapo.

Halafu ule uongo wa kuuzia. Masizi kwenye valvu ni shida ya kweli kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama FA20 ya turbo ya Forester za SJ au TSI za Volkswagen na Audi, kwa sababu petroli haipiti juu ya valvu za kuingizia ikaziosha. EJ20 yangu inapuliza petroli kwenye njia ya kuingilia, valvu zinaoshwa kila mara. Kopo lina faida kwake, lakini nyingine: intakula inabaki safi, na oili haichanganyiki na petroli ikapunguza uwezo wake wa kuhimili mgandamizo bila kugonga, yaani bila kulipuka ovyo ndani ya silinda. Na EJ zinajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi, kugonga ni adui yake mkubwa. Fundi aliyeshindwa kunieleza hata faida halali ya anachoniuzia, alikuwa ananiuzia nini?

Wapo pia wanaoliuza kama dawa ya gari inayokula oili. Halitibu chochote! Ringi zikiwa zimechoka, kopo litajaa haraka tu. Likijaa haraka, kapime kompresheni.

Gari yangu imerudishiwa PCV mpya na mipira imepita kama kiwandani. Moshi umekwisha kwa turbo ileile waliyosema imekufa. Lakini sili ya nyuma ya krenki inavuja, na kuifikia ni kushusha gia boksi. Gharama hiyo nawadai wao. Nilipowafuata mara ya mwisho, mkubwa wao alinijibu mbele ya wateja kwamba "Subaru ndivyo zilivyo, zinavuja." Picha za bolti ninazo, maelezo ya fundi wa Iringa ninayo kwa maandishi, na risiti yao ninayo. Wasiponilipa napeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

NYONGEZA baada ya kusoma majibu yenu:

Mkuu uliyeuliza utajuaje kama lako limefungwa vibaya bila kumlipa mtu: chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi, ncha moja izibe vizuri kwenye bomba la stiki ya oili, nyingine iache wazi. Washa injini. Kwenye sailensa maji yanatakiwa yasogee kidogo kuelekea upande wa injini, au yatulie. Yakisukumwa kuelekea nje, una presha kwenye sampu. Yakivutwa kwa nguvu, zima haraka yasiingie ndani, mvuto umezidi kama ilivyokuwa kwangu.

Dada wa Njombe uliyesema kopo lako linatoa kitu cha rangi ya chai ya maziwa: usikimbilie kufungua silinda hedi. Kwenye baridi, na safari fupi za mjini, mvuke wa maji unagandamana na oili kwenye kopo na kutoa rangi hiyo. Angalia kwanza kama maji ya rejeta yanapungua na kama oili ya kwenye stiki ni safi. Vyote vikiwa sawa, mwaga kila mara, na usirudishe hicho kitu kwenye injini hata kama mtu atakuambia ni oili nzuri.

Wenye Hilux na Prado za dizeli, nyie nawaomba muwe makini kuliko sisi. Kwenu njia huwa ni moja, kutoka kava ya valvu kwenda kabla ya turbo, na faida ya kopo ni kubwa kwa sababu oili ikikutana na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini) inakuwa tope kwenye manifoldi. Lakini kopo likijaa na oili ikavutwa kwa wingi, injini ya dizeli inaweza kuichoma kama mafuta yake na kupanda mzunguko yenyewe, unazima switchi na haizimi. Likague mara kwa mara mpaka ujue linajaa kwa kasi gani, na usikubali mpira mwembamba kuliko wa kiwandani.

Waliosema nitaje gereji, sitaitaja hapa. Wekeni picha za mipira yenu, boneti wazi, ionekane inatoka wapi na inaingia wapi. Nitazipitia zote na nitamwonyesha na yule mzee.