Kwa nini ziara ya Eras ya Taylor Swift haikukanyaga Afrika hata usiku mmoja?

Baba Wawili, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Binti yangu wa kidato cha pili, ambaye mikono yake haijakosa bangili za shanga za herufi, zile wanazovaa mashabiki wa Taylor Swift, tangu mwaka 2023, ameniuliza swali nikashindwa kumridhisha. Ziara ya Eras ya mwanamuziki huyo wa Marekani ilianza Glendale, Arizona, tarehe 17 Machi 2023 na kumalizika Vancouver tarehe 8 Desemba 2024, baada ya maonyesho 149 katika mabara matano. Letu halimo. Nilimwambia kwamba sisi tuko mbali na pesa hatuna. Akanijibu kwamba Melbourne nako ni mbali, na kwamba Argentina, ambako aliimba siku tatu mwezi Novemba 2023, mfumuko wa bei mwaka huo ulipita asilimia 200. Nikanyamaza. Naomba wanaoifahamu kazi hii ya matamasha wanieleze ni nini hasa kinachoamua ziara kama hiyo ifike wapi na isifike wapi.

Fundi Mitambo, Nairobi

Ndugu Baba Wawili, binti yako ni wakili mtarajiwa. Mimi ni fundi wa sauti na nimefunga majukwaa ya matamasha mengi hapa Nairobi, ingawa hakuna hata moja lililokaribia ukubwa huo.

Jambo la kwanza ni kwamba ziara kubwa ya viwanjani haitembei na jukwaa moja. Viunzi vya chuma huwa viwili au zaidi: msanii akiwa anaimba juu ya kimoja, mafundi wengine wanasimamisha kingine katika mji unaofuata, halafu skrini, taa na spika, ambazo ni ghali mno kununuliwa mara mbili, hufunguliwa usiku ule ule na kupakiwa kwenye malori. Marekani na Ulaya mpango huu unakwenda vizuri kwa sababu kutoka mji hadi mji ni kwa barabara tu. Kuvuka bahari ni hesabu nyingine kabisa, kwa kuwa gharama ya kufikisha mzigo ni ile ile, uimbe usiku mmoja au usiku sita. Ndiyo maana aliimba Tokyo mara nne, Sydney mara nne na Singapore mara sita, badala ya kurukaruka kila mji usiku mmoja.

Sasa tazama mapato. Takwimu zilizotolewa ziara ilipomalizika zilikuwa dola 2,077,618,725 za tiketi kutoka kwa watu 10,168,008. Ukigawanya, kila onyesho liliingiza karibu dola milioni 14, na kila mtu alilipa wastani wa dola 204. Uwanja wenu wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, lakini vilivyo nyuma ya jukwaa haviuziki. Hata tukijaza watu 60,000 kwa kuwaweka wengine kwenye nyasi (na sijui nani atakayewaeleza mashabiki wa Simba na Yanga habari za nyasi hizo), kwa kiingilio cha dola 50 tunapata dola milioni 3. Kiingilio cha dola 204 ni karibu shilingi laki tano za Tanzania, yaani kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kwa mwezi tangu Julai 2025.

Bint Kisauni, Mombasa

Kaka Fundi, hesabu yako ya viingilio naikubali, ila hoja ya uzito wa chuma siikubali. Bendi ya U2, ambao jukwaa la ziara yao ya 360 lilihitaji viunzi vitatu, walilifikisha Johannesburg na Cape Town Februari 2011, na uwanja wa FNB wa Johannesburg ukajaa watu zaidi ya 90,000. Rihanna aliimba katika miji hiyo miwili mwaka 2013, na Ed Sheeran mwaka 2019 katika ziara iliyokuja kuvunja rekodi ya mapato ya U2. Njia inajulikana na wateja wapo, walau kule kusini.

Wala muda haukukosekana. Onyesho la mwisho la Singapore lilikuwa tarehe 9 Machi 2024, na la kwanza la Paris tarehe 9 Mei. Ni kweli kwamba katikati hapo alitoa albamu mpya na kulipanga upya onyesho lake, na mwanadamu lazima apumzike baada ya kuimba zaidi ya saa tatu kila usiku, lakini miezi miwili ni mingi.

Ninavyoona mimi, kilichokosekana ni mtu wa kuweka fedha mezani. Februari 2024 Srettha Thavisin, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Thailand, alidai hadharani kwamba Singapore ililipa kati ya dola milioni 2 na 3 kwa kila onyesho, kwa sharti kwamba msanii asiimbe kwingine kokote Kusini-Mashariki mwa Asia. Mwezi uliofuata Lee Hsien Loong, Waziri Mkuu wa Singapore wakati huo, alikiri kwamba ruzuku ilitolewa kutoka mfuko wa kuendeleza utalii na kwamba sharti hilo lilikuwepo, ila kiasi hakukitaja. Serikali yake ilisema tu kwamba hakikufikia kile kilichokuwa kikivumishwa. Kwa hiyo Bangkok na Manila, zenye viwanja na mashabiki kutuzidi sana, nazo ziliachwa.

Mgeni wa Uskochi, Edinburgh

Naongeza dogo kuhusu kwa nini serikali hukubali kulipa. Juni 2024 alipoimba uwanja wa Murrayfield hapa Edinburgh usiku tatu, kwenye basi langu la kwenda kazini nilisikia lafudhi za Kimarekani nyingi kuliko za Kiskoti. Kwao ilikuwa nafuu kununua tiketi na nauli ya ndege kuja huku kuliko kununua tiketi kwa walanguzi wa kwao. Paris waendeshaji wa ukumbi walisema moja ya tano ya tiketi ilinunuliwa na Wamarekani. Fedha za hoteli na chakula za watu hao ndizo Singapore iliyokuwa ikizifukuzia.

Baba Wawili

Nawashukuru sana, na dada Kisauni umenitoa gizani. Binti amesoma yote akaja na swali jingine: mbona Kigali iliweza kumleta Kendrick Lamar, yule rapa wa Marekani?

Bint Kisauni

Mwambie ameuliza vizuri, kwa kuwa kisa hicho kinafanana na cha Singapore. Tamasha lile la Desemba 2023 lilikuwa la mpango wa Move Afrika wa shirika la Global Citizen, ambao Rwanda iliingia nao makubaliano ya miaka mitano, na Februari 2025 wakamleta John Legend. Serikali ilikaa mezani mapema.

Fundi Mitambo

Ila pale ni BK Arena, ukumbi wa watu 10,000. Hata kama kila mmoja angelipa zile dola 204, zingepatikana dola milioni 2 na ushei, ambazo ni moja ya saba ya usiku mmoja wa kawaida wa Eras. Kilichobaki angekitoa nani?